Ndugu yako ameshika njia nyingine: mwongozo wa kuishi naye kwetu Kusini

Huku kwetu, kusini mwa Tanzania, tumbo moja linaweza kutoa shehe, mlokole, mnywa uraka (pombe ya mabibo) na binti aliyerudi kutoka Dar na nywele nyekundu, na wote wanne wanangoja hela ya korosho ya mama mmoja. Watu wa Newala, Masasi, Nachingwea au Kilwa hawashangai, wamezoea. Shida huanza pale mmoja wao anapoona wenzake wamepotea na kwamba kazi ya kuwarudisha ni yake.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye ameshabishana mpaka sauti imekauka. Nimekaa vikao vya ukoo vya kutosha, na sijawahi kuona mtu akibadili dini au mwenendo kwa sababu ya kikao. Nilichoona kikiwezekana ni ndugu kupanga vile wanavyoshirikiana, yaani mzazi, msiba, mikorosho, watoto na urithi, na kuyaacha mengine yote kwa mwenyewe na Mungu wake. Hatua zinazofuata zimejengwa hapo.

Hatua ya 1: Weka kila lalamiko kwenye fungu lake

Chukua karatasi, andika kila kinachokuudhi kwa ndugu yako bila kuchuja. Kisha kigawe katika mafungu matatu: yake, yetu, na ya serikali.

Yake ni kanzu fupi na ndevu, kuacha maulidi, kuokoka, kufuga rasta, kukaa hadi miaka arobaini bila kuoa, kubeti kwa hela aliyoitafuta mwenyewe, kunywa uraka nyumbani kwake. Yetu ni kukataa kuchangia shughuli ya baba, kuuza korosho za mama bila kumwambia mtu, kumpeleka mtoto wa dada jandoni bila dada kujua. Ya serikali ni kumpiga mtu, kumwachisha binti shule ili aolewe, kughushi saini kwenye karatasi za shamba.

Wengi wakimaliza kugawa hukuta fungu la kwanza ndilo refu kuliko yote, na ndilo lililowanyima usingizi. Lifute. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa dini, ikiwa ni pamoja na uhuru wa kubadili dini. Hata bila katiba, mtu mzima hachungwi. Sasa umebaki na mambo matatu au manne, na hayo yanazungumzika.

Hatua ya 2: Uliza maswali ya jikoni

Ukimuuliza ndugu aliyebadilika, "Kwa nini umetuacha?" umemwita ajitetee, naye ataleta aya na wewe utaleta aya. Muulize yanayohusu kuishi. "Ukija nyumbani nikupikie nini, na nini nisikuwekee?" "Siku ya Ijumaa nikuhesabu au nisikuhesabu?" "Kwenye ngoma ya mtoto utakaa wapi?" Majibu yake yatakuonyesha mipaka yake halisi, ambayo mara nyingi ni michache kuliko uliyodhani. Wapo Answari, Waislamu wanaoyahesabu maulidi kuwa uzushi, ambao hawaingii kwenye maulidi kabisa lakini hawana neno na kula pilau la asubuhi yake. Wapo walokole wanaokataa ngoma usiku lakini watachota maji na kupika mchana kutwa.

Usihoji kwa simu, na hasa usihoji kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Pale kila neno lina watazamaji thelathini, na shemeji wa Mbagala ambaye hajakanyaga Tandahimba tangu aoe ndiye atakayejibu kwanza.

Hatua ya 3: Pata msemaji, na mchague vizuri

Makabila makubwa ya huku, Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, yamekua yakihesabu ukoo kwa upande wa mama. Uislamu, Ukristo na maisha ya mjini vimepunguza nguvu ya utaratibu huo, lakini mjomba bado anasikilizwa mahali ambapo baba angejibiwa vibaya. Kama kuna mjomba mwenye busara, nenda kwake kwanza, peke yako. Mweleze lile fungu la "yetu" tu. Ukimpelekea habari za ndevu na rasta atakuona mchonganishi, na atakuwa sawa.

Kama mjomba mwenyewe ameegemea upande mmoja, mtafute mtani. Watu wa nje hawaelewi thamani ya mtani. Anaweza kumwambia kaka yako mbele ya watu kwamba kanzu imefupishwa kwa kukosa hela ya kitambaa, wote wakacheka, na kaka yako naye akacheka. Ukisema wewe neno hilohilo mtashikana mashati. Mtani akishavunja barafu, mjomba anaingia na hoja.

Wakati wa mazungumzo nao una maana. Usianze msibani. Usianze wiki ambayo malipo ya korosho yameingia, maana kila neno litasikika kama la hela. Miezi ya palizi ni mizuri: watu wako shambani, wamechoka, hawana hela ya kugombania.

Ukimkabili mwenyewe, anza kwa heshima inayomstahili, hata kama umri wake umekuzidi mwaka mmoja tu. "Kaka, shikamoo. Sijaja kwa habari ya msikiti wala ya kanisa. Nimekuja kwa habari ya mama na lile shamba la bondeni. Nataka tukubaliane mambo mawili, kisha nikuache." Akikurudisha kwenye dini, mrudishe shambani. Hata mara tano.

Hatua ya 4: Nyumba ya mama ifuate kanuni za mama

Hili ni fupi. Kila mmoja kwake ni mfalme, ila kwa mama wote ni watoto. Mama akiwa Muislamu, kitimoto na pombe haviingii, na nyama ichinjwe na Muislamu hata kama kuku ameletwa na yule aliyebatizwa. Mwezi wa Ramadhani asiyefunga ale ndani, asikae barazani na muhogo wake wa kuchoma. Mama akiwa Mkristo, yule wa msikitini apewe sufuria yake na maji ya kutawadha bila kuombwa maelezo. Watoto wakiwapo, hakuna kumwambia mtoto wa mwenzio kwamba baba yake ataungua motoni. Kwa hilo naruhusu kumkatisha mtu maneno, mkubwa au mdogo.

Hatua ya 5: Panga msiba kabla ya msiba

Hapa ndipo koo nyingi hupasuka, kwa sababu uamuzi unafanywa na watu waliolia usiku kucha.

Kanuni ya kwanza: mazishi hufuata imani ya marehemu, siyo ya mtoto mwenye sauti kubwa. Inaonekana rahisi mpaka mzazi anapokuwa amebatizwa ujanani, akaolewa na Muislamu, kisha uzeeni akawa anasali na jirani wa kanisani. Basi aulizwe akiwa hai, mbele ya watoto wote na majirani wawili, azikwe na nani na wapi. Wazee wa huku hawaogopi swali hilo kama tunavyodhani. Wengi wao wamelingoja.

Kanuni ya pili: amueni kazi za kila mmoja. Kwenye maziko ya Kiislamu, ndugu Mkristo anaweza kuchimba kaburi, kubeba jeneza, kuchota maji, kusimamia chakula. Kuosha maiti na kuswalia awaachie wenzake. Kwenye maziko ya Kikristo, Waislamu wengi huku hukaa nje ibada ikiendelea, kisha hujiunga kwenda makaburini na kutia mchanga. Ambaye hata hilo linamtatiza apewe kazi ya kupokea wageni nyumbani. Msiba haukosi kazi.

Mzozo mkali zaidi, kwa maoni yangu, si kati ya Muislamu na Mkristo. Ni kati ya Waislamu wawili wa nyumba moja, mmoja wa maulidi na hitima (kisomo cha kumwombea marehemu), mwingine Answari anayesema yote hayo ni uzushi. Mmoja anataka talakini isomwe kaburini, mwingine anataka watu waondoke kimya. Nimeona jeneza likisubiri watu wakibishana. Dawa ni kumtaja atakayesimamia kaburi jioni ya kabla ya maziko, na akishatajwa wengine wafuate au wasimame mbali. Kwa kawaida ni vyema awe imamu wa msikiti ambao marehemu mwenyewe alikuwa akiswali.

Kuhusu michango, gawanyeni mifuko miwili. Mfuko wa maziko ni wa lazima kwa kila mtoto: sanda au jeneza, mbao, usafiri, chakula cha waliotoka mbali. Mfuko wa hitima na arobaini ni wa anayetaka, na asiyetaka asisemwe. Lakini asiachwe bila mzigo. Mpeni madeni ya marehemu. Kulipa deni la maiti ni jambo ambalo Answari, mtu wa maulidi na mlokole wote wanakubaliana nalo, na wazee wetu hawafi bila deni: la salfa (dawa ya kupulizia mikorosho), la dukani, la kibarua aliyepalilia. Nimeona familia moja ya wilaya ya Masasi ikitulia kwa njia hii. Kaka mkubwa alikataa kuchangia ng'ombe wa arobaini, akakabidhiwa daftari la madeni. Akalilipa lote, na mwisho alikuwa ametoa kuliko wale wa ng'ombe. Maneno yakaisha.

Hatua ya 6: Mikorosho iwe na maandishi

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nao ni ushauri kwa jirani asijiingize. Nyinyi wenyewe mnapaswa kujua kwamba watapatana tena baada ya msimu, ila hela ikishaliwa hairudi.

Chanzo cha ugomvi huwa ni jina. Korosho zikipelekwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, mzigo unaandikwa kwa jina la aliyesajiliwa na malipo baada ya mnada huingia kwenye akaunti yake. Utaratibu wa stakabadhi ghalani, yaani korosho kuwekwa ghalani kwa risiti na kuuzwa mnadani, ulianza mwaka 2007, na siku hizi hela haipiti tena mkononi mwa mama ikagawiwa juu ya mkeka; inapita kwenye simu na benki ya mtu mmoja. Mtu huyo akiwa ni ndugu ambaye hamuelewani, kila siku ya kuchelewa ni wizi machoni pa wenzake.

Fanyeni hivi. Kabla ya kupuliza salfa, ambako kwa kawaida huanza mwezi wa 5 au wa 6, kaeni mkubaliane kwa maandishi: shamba lipi ni la nani, nani anapalilia, nani ananunua au anapokea salfa ya ruzuku, nani anaokota, mzigo unaandikwa kwa jina la nani, na hela ikiingia mama anapata fungu gani kabla ya mwingine yeyote. Wekeni sahihi na mashahidi wawili. Karatasi ya daftari inatosha. Minada ikianza, kwa kawaida mwezi wa 10, kila gunia linalopelekwa lipigwe picha ya stakabadhi yake na kutumwa kwa wote. Pale ndipo kundi la WhatsApp lina faida.

Kuna habari ya kangomba. Ndugu mwenye kiu ya hela, awe ni mlevi, mcheza kamari au mtu mwema tu aliyebanwa na ada, ataziuza korosho zikiwa bado mtini kwa mnunuzi wa mtaani, kwa bei ya chini, wakati wa njaa. Ni kinyume cha utaratibu na ni hasara. Lakini kumtangazia dhambi hakusaidii. Mgawie mikorosho yake, ihesabiwe na iwekewe alama, afanye nayo atakavyo; ile ya mama isimamiwe na mwingine. Atauza yake kwa kangomba, na mwezi wa 11 atakaa bila hela huku wenzake wakilipwa. Inauma kumtazama. Bado ni nafuu kuliko shamba zima kuliwa na wote kunyamaza kwa aibu.

Hatua ya 7: Watoto, jando na unyago

Kwa upande wa Kusini hili ni zito, kwani mtoto hahesabiwi kuwa wa wazazi wawili tu. Shangazi anataka binti achezwe unyago, mama aliyeokoka hataki. Mjomba anataka kijana aende jandoni, baba anataka hospitali na basi.

Mwenye neno la mwisho ni mzazi wa mtoto. Hilo liwekwe wazi na mjomba mwenyewe akubali mbele ya watu, vinginevyo mtoto atachukuliwa likizo na kurudishwa tayari. Baada ya hapo kuna nafasi pana ya kukutana katikati, na huku kukutana katikati si jambo la jana. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, alijulikana kwa kuruhusu jando la Kikristo: mafunzo na sherehe vikabaki, matambiko yakaondolewa, sala zikaingizwa. Kama askofu aliweza kukaa na makungwi (walimu wa jando na unyago) karibu miaka mia iliyopita, wewe na dada yako mtashindwa nini?

Kwa hiyo gawanya tena. Tohara ya kijana ifanyike kwa mganga wa hospitali au zahanati. Mafunzo ya adabu na usafi yatolewe na somo, yaani mwalimu wa mtoto, ambaye mama wa mtoto amemkubali kwa jina. Ngoma na pilau, anayetaka aje. Maneno na nyimbo zinazomzidi mtoto umri yasiwepo; hapa walokole na Answari wanasema kweli, na makungwi wengi wenye akili wanajua. Na shule isiguswe: shughuli iishe ndani ya likizo.

Yapo yasiyo na katikati. Ndugu akimwachisha binti shule ili aolewe, hilo ni la serikali, limetoka kwenye fungu la "yetu". Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi au kumpa mimba ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Utaambiwa umemuuza ndugu yako. Vumilia.

Hatua ya 8: Urithi ukiwa na dini mbili

Shamba moja huku linaweza kuwa na majibu matatu. Mila ya ukoo wa mama inasema libaki kwa watoto wa dada. Sheria ya Kiislamu inagawa kwa mafungu yake, na Muislamu na asiye Muislamu hawarithiani. Sheria ya serikali ya mirathi ina njia nyingine. Kila ndugu atashika jibu linalompa ekari nyingi, kisha ataliita imani.

Mzazi akiwa hai, mambo haya yanatibika. Mtoto aliyebadili dini anaweza kupewa zawadi mzazi akiwa hai, ikakabidhiwa kweli na mipaka kuonyeshwa. Anaweza pia kuusiwa, kwani kwa Waislamu wosia kwa asiye mrithi unaruhusiwa hadi theluthi moja ya mali. Wosia wa maandishi wa mzazi anayejua kusoma na kuandika uwe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, na wasiwe warithi. Ardhi ya kijiji iombewe hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Hati hiyo inaweza kubeba majina zaidi ya moja, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Dada asikubali kuambiwa jina lake "litafuata baadaye".

Mzazi akishafariki, kikao cha ukoo kipendekeze msimamizi wa mirathi, muhtasari uandikwe na kupelekwa mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Mchagueni aliye mwaminifu wa hesabu, hata kama hasali mnakosali. Mkishindwana juu ya ardhi, anzeni Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo halihukumu tena, linasuluhisha tu, na likishindwa shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla hamjafika huko, hesabuni nauli na siku za kazi zitakazopotea, mzilinganishe na thamani ya ekari zenyewe.

Akikataa yote

Wapo ambao hawatakaa chini. Kila ukimpigia simu anakutumia mawaidha ya dakika arobaini, au anakuita mshamba, au amelewa saa nne asubuhi. Kwa huyo punguza mawasiliano mpaka yabaki matatu: ugonjwa, msiba, na salamu ya sikukuu yake. Idd au Krismasi, mtumie ujumbe mfupi, usiongeze neno la kumkumbusha kitu. Usimkopeshe. Usimzuie mama kumpenda, na usimtumie mama kupeleka ujumbe.

Akiiba au akipiga, mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji aandike, na ubaki na nakala. Kama ni pombe, fahamu kwamba msimu wa mabibo ndio mbaya zaidi, uraka unapatikana kila kona na gongo yake iko nyuma ya nyumba. Mgao wake wa hela ugawiwe kidogo kidogo kwa makubaliano yaliyoandikwa akiwa hajanywa, na ushikwe na ndugu ambaye yeye mwenyewe amemchagua.

Akirudi siku moja, hata baada ya miaka, msimpangie kikao. Mpeni kiti, mpeni chakula anachokula, na habari ya shamba isubiri kesho yake asubuhi, mjomba akiwepo.